Mtoto Ameacha Kutumia Mkono: La Kufanya, na Namna ya Kumbeba Asiumie

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura cha watoto, na kuna mkono ambao nautambua mzazi akiwa bado mlangoni. Mtoto ana miaka miwili hivi, amepakatwa na mama yake, ametulia, pengine hata halii. Mkono mmoja, mara nyingi wa kushoto, umelala ubavuni, kiwiko kimejikunja kidogo na kiganja kimegeukia nyuma au kimetulia juu ya tumbo. Haujavimba, hauna jeraha wala alama. Ukimpa kitu cha kuchezea anakipokea kwa mkono mwingine. Ukijaribu kuugeuza ule uliolala, ndipo unapokisikia kilio.

Huuliza, "Mama, ilikuwaje?" Jibu ninalopata mara nyingi ni, "Alianguka tu, sista." Baada ya kukaa kidogo, mtoto akishatulia, sauti inashuka: "Ukweli ni kwamba nilimvuta. Alijitupa chini nami nimemshika mkono."

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya sentensi hiyo ya pili, kwa sababu kuchelewa kwake kunamgharimu mtoto. Ukiniambia ameanguka, nina wajibu wa kudhani mfupa umevunjika. Hatutaugusa mkono ovyo, tutampeleka kupigwa picha ya eksirei, naye atasubiri huku anaumia. Ukiniambia amevutwa, na dalili zikakubaliana na maneno yako, tabibu huweza kukirudisha kiwiko mahali pake kwa sekunde chache, bila picha na bila sindano. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayekuona mzazi mbaya kwa sababu ulimvuta mtoto aliyekuwa anajitupa barabarani. Sema ilivyokuwa, mapema, hata kama mama mkwe amesimama karibu nawe.

Kinachotokea ndani ya kiwiko

Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili. Kichwa cha juu cha mfupa ulio upande wa kidole gumba kinashikiliwa pale kiwikoni na ukano, yaani utepe mgumu unaofunga mifupa, wa mviringo unaokizunguka. Kwa mtoto mdogo ukano huo bado ni mwembamba na haujajishikiza imara kwenye mfupa. Mkono ukivutwa ghafla ukiwa umenyooka na kiganja kimetazama chini, kichwa cha mfupa huteleza kidogo na ukano huingia katikati ya kiungo ukanasa hapo. Hakuna kilichovunjika. Hicho ndicho tunachokiita kiwiko kilichovutwa. Maumivu yanatokana na ule ukano ulionaswa, na kila mkono unapogeuzwa unabanwa tena.

Jambo hili huwapata zaidi watoto wa kati ya mwaka 1 na 4. Baada ya miaka 5 ni nadra, kwa kuwa ukano umeshakomaa. Mkono wa kushoto huumia zaidi kwa sababu nyepesi kabisa: watu wazima wengi hutumia mkono wa kulia, na mtoto anayetembea kuliani kwako utamshika mkono wake wa kushoto.

Haihitaji nguvu nyingi wala ukatili. Nimewapokea watoto walioumia walipokuwa wakiinuliwa kwa mikono yote miwili wapande ngazi, walipokuwa wakizungushwa hewani kwa mchezo huku wanacheka, walipokuwa wakivutwa mkono utoke kwenye mkono wa sweta unaobana, na waliokokotwa na kaka yao wa miaka sita aliyekuwa na haraka ya kwenda kucheza. Hata mtoto mchanga anayejigeuza kitandani anaweza kuulalia mkono wake ukapata hali hiyohiyo.

Tazama kwanza, gusa baadaye

Mtoto akiacha kutumia mkono, silika ya mtu mzima ni kuukamata, kuunyoosha na kuuchua. Jizuie. Mpakate akuelekee, mwache apumue, kisha mtazame kwa dakika kadhaa. Weka kitu anachokipenda upande wa mkono unaouma uone kama anaunyoosha. Linganisha mikono yote miwili kwa macho: je, mmoja umepinda mahali pasipo na kiungo? Kuna uvimbe, hasa juu kidogo ya kiwiko, karibu na kifundo cha mkono, au kwenye mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega? Kuna michubuko?

Baada ya hapo gusa, ukianzia mkono usiouma ili azoee. Kisha upande unaouma: anzia kwenye mtulinga, shuka begani, mkono wa juu, kiwiko, kigasha, kifundo, kiganja, kidole kimoja baada ya kingine. Bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole chako, na macho yako yawe usoni kwake, siyo kwenye mkono. Mtoto asiyejua kusema "hapa" atakuonyesha kwa kukunja uso au kuvuta pumzi. Mfupa uliovunjika huuma mahali pamoja panapojulikana. Kiwiko kilichovutwa hakiumi sana kwa kubonyezwa, kinauma kwa kugeuzwa.

Usipoona uvimbe wala kupinda, na unajua alivutwa, uwezekano mkubwa ni kiwiko. Kama alianguka, au kama hakuna aliyeona kilichotokea, mchukulie kuwa amevunjika mpaka utakapoambiwa vinginevyo.

Kuna hali ya tatu ambayo naomba uikumbuke kuliko zote: mtoto ameacha kutumia mkono, hakuvutwa, hakuanguka, na ana homa. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo au ndani ya mfupa. Hilo halisubiri asubuhi. Usaha ndani ya kiungo unaharibu gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na kila saa ina uzito wake.

Mifupa inayovunjika mara kwa mara

Mfupa wa mtoto una maji mengi na unyumbufu kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mara nyingi hauvunjiki vipande viwili. Huweza kujikunja upande mmoja na kupata kivimbe tu bila kukatika, au ukapasuka upande mmoja huku upande wa pili umepinda, kama kijiti kibichi unachojaribu kukivunja. Kile kivimbe cha karibu na kifundo cha mkono ndicho kinachowadanganya wazazi. Mtoto alianguka akajikinga kwa viganja, akalia, akanyamaza, akarudi kucheza. Uvimbe ni mdogo. Siku ya pili bado anatambaa kwa kuegemea kiwiko badala ya kiganja, au anakataa kufungua kifuniko. Kwa bahati nzuri mvunjiko huo hupona vizuri ndani ya wiki tatu au nne, mara nyingi kwa banzi la kuvaa na kuvua tu, bila plasta ngumu. Lakini ni lazima aonwe, kwani kwa macho huwezi kuutofautisha na mvunjiko mbaya zaidi.

Mtulinga nao huvunjika sana, hasa mtoto akiangukia bega. Ishara yake ina tabia ya pekee: analia unapombeba kwa kumshika chini ya makwapa. Mkono wenyewe unaweza kuonekana hauna tatizo. Mtulinga wa mtoto hujiunga wenyewe, kwa kawaida mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa kwa wiki chache, na baadaye huota kinundu kigumu mahali ulipovunjika. Kinundu hicho huwatisha wengi. Ni mfupa mpya, na hulainika wenyewe katika miezi inayofuata.

Ninaouogopa mimi ni mvunjiko wa juu ya kiwiko. Hutokea mtoto anapoanguka kutoka juu, kwenye kitanda, bembea au ngazi, mkono ukiwa umenyooka. Eneo la juu ya kiwiko huvimba haraka, wakati mwingine mkono unapinda. Pale mbele ya kiwiko unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva za mkono, na kipande cha mfupa kinaweza kuvibana au kuvichoma. Usikikunje kiwiko hicho, usikinyooshe, usijaribu "kukirudisha".

Huduma ya kwanza

Mvue bangili, pete, saa, uzi, kila kinachozunguka mkono. Fanya hivyo mapema, kwa sababu mkono ukivimba vitageuka kitanzi.

Uache mkono katika mkao ule ambao mtoto mwenyewe ameuchagua, kwa kuwa ndio unaomuuma kidogo zaidi. Kwa mtoto mdogo mabanzi ya mbao mara nyingi yanaleta vita. Mimi hupendelea kuukalisha mkono juu ya kifua na kubana mkono wa nguo yake kwa pini kwenye sehemu ya mbele ya nguo hiyohiyo, au kumfunga kanga au shuka nyepesi kuzunguka mwili na mkono pamoja, isibane. Kama kigasha kimepinda, gazeti au jarida nene lililokunjwa kama mfereji linatosha kuwa banzi. Lifunge juu na chini ya sehemu iliyoumia, siyo juu yake.

Barafu iviringishwe kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha ondoa. Usimkande kwa maji ya moto na usimchue kwa dawa yoyote ya kusugua. Kuchua mkono uliovunjika ni kusogeza ncha za mfupa ndani ya nyama.

Sasa angalia vidole. Viwe na joto na rangi sawa na vya mkono wa pili. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka au kuwa vya buluu, au mtoto hahisi unapovigusa, au analia kwa uchungu mkali ukivinyoosha taratibu, hiyo ni dharura ya sasa hivi. Vivyo hivyo jeraha lililo wazi juu ya mfupa uliovunjika: lifunike kwa kitambaa safi, usilioshe kwa kusugua, nenda.

Dawa ya maumivu mpe, usimwache aumie kwa kuhofia kwamba daktari "hataona dalili". Tutaziona. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, ikirudiwa baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara nne katika saa 24. Mtoto wa kilo 12 atapata miligramu 180. Kabla ya kupima soma lebo, kwani dawa ya maji ipo ya miligramu 120 ndani ya mililita 5 na ipo ya 250 ndani ya mililita zilezile. Ya kwanza utampa mililita 7.5, ya pili mililita 3.6. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza walezi wanaopima kwa "kijiko kimoja" cha mazoea. Aspirini asipewe mtoto kabisa.

Kama mkono umepinda au unavimba haraka, usimpe chakula wala maziwa njiani. Akihitaji kulazwa usingizi ili mfupa unyooshwe, tumbo lililojaa litaahirisha kazi. Fundo la maji la kumezea dawa halina neno.

Hospitalini

Tutakuuliza tena na tena ilikuwaje. Mtakuwa mmechoka, lakini jibuni. Alikuwa wapi, urefu gani kutoka chini, aliangukia upande upi, nani alikuwepo, lini, na alilia palepale au baadaye. Kama hukuwepo, sema hukuwepo. Na kama mtoto bado hajaanza kusimama dede wala kutembea na ana mfupa uliovunjika, tutauliza zaidi na tutamchunguza mwili mzima, kwa sababu mtoto asiyetembea hana njia nyingi za kujivunja mwenyewe. Maswali hayo yanaulizwa kwa kila familia ya namna hiyo, tajiri na maskini. Naomba uyapokee hivyo. Na kama kuna mtu nyumbani unayemhofia, wakati huo ndio wa kutuambia. Omba kuzungumza na muuguzi faragha.

Kiwiko kilichovutwa kikithibitika, tabibu atakishika kiwiko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili atakizungusha kigasha kiganja kikitazama chini zaidi, au atakigeuza kiganja juu kisha akunje kiwiko. Njia ya kwanza mara nyingi hufanikiwa katika jaribio la mwanzo. Mara nyingi kidole chake kitahisi mtikisiko mdogo. Mtoto atalia kwa muda mfupi. Mwacheni akae na vitu vyake vya kuchezea. Wengi huutumia mkono ndani ya dakika 10 hadi 30. Kama kiwiko kilikaa saa nyingi kabla ya kurudishwa, huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Hakuna haja ya plasta.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Si unifundishe nifanye nyumbani?" Kwa mara ya kwanza, hapana. Ukizungusha kiwiko chenye mfupa uliovunjika utamdhuru. Kwa mtoto ambaye kimemtokea mara kadhaa na dalili zinajulikana, daktari wake anaweza kumfundisha mzazi kwa vitendo, akimwangalia. Mjifunze hivyo tu, msijifunze kwa video.

Akitoka na plasta, viangalieni vidole kila saa chache kwa siku mbili za kwanza na mkono uwekwe juu ya mto akilala. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuvimba sana au kuwa vya baridi, harufu mbaya: rudini usiku huohuo.

Namna ya kumshika

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako, maana kiwiko kilichovutwa mara moja kinaweza kurudia, na sehemu kubwa ya ajali hizi zinazuilika.

Mtoto anainuliwa kwa kiwiliwili. Chuchumaa, peleka viganja vyako ubavuni chini ya makwapa, vidole vikizunguka mbavu, mlete kifuani kwako, kisha mkono wako mmoja ushuke chini ya makalio yake umbebe. Usimwinue kwa viganja, vifundo wala vigasha, hata akikunyooshea mikono yote miwili akiomba. Mikono iliyonyooshwa ni ombi. Wewe ushuke chini yake. Mchezo wa watu wawili kumrusha mtoto katikati yao kila mmoja akishika mkono, uacheni mpaka avuke miaka 5. Atakayesema "sisi wote tulichezewa hivyo" mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Mtoto anayejitupa chini kwa hasira ndiye mtihani mkubwa. Yeye analegeza magoti, wewe umeshika mkono, na uzito wake wote unaning'inia kwenye kile kiwiko. Zoea hili: akishuka, shuka naye. Legeza mkono wako na upinde magoti, kisha mzungushie mkono wa pili kifuani. Njiani penye magari usitegemee kushikana mikono peke yake; mbebe, au tumia mkanda wa kifuani wa kutembezea watoto. Ila kama gari linakuja na kilicho karibu nawe ni mkono wake, vuta kwa nguvu zako zote. Kiwiko tutakirudisha.

Kumvisha nguo kuna utaratibu wake. Ingiza mkono wako kupitia tundu la kifundoni, ukunje mkono wote wa nguo uwe pete fupi, ushike kiganja chake kwa ndani, kisha usogeze nguo kuelekea begani. Nguo ndiyo inayosafiri, mkono wa mtoto unabaki palepale. Mkono unaouma uvishwe wa kwanza na uvuliwe wa mwisho.

Wafundisheni ndugu zake wakubwa kwa kuwaonyesha, siyo kwa kuwakemea. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kwamba mdogo wake huitwa au huongozwa kwa kumwekea mkono mgongoni. Na dada mlezi, au bibi, au yeyote anayebaki naye, asikie kutoka kwako mapema maneno haya: "Likitokea lolote niambie lilivyo, sitakugombeza." Mlezi anayeogopa kufukuzwa atasema mtoto aliamka hivyo, na sisi tutapoteza muda tukitafuta homa ambayo haipo.

Maanguko na milango

Kuhusu maanguko nitasema machache, ila yafuateni. Badilisha nepi sakafuni. Sogeza vitanda na viti mbali na madirisha, na dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Kizuizi cha juu ya ngazi kikazwe ukutani kwa skrubu. Kile cha kubana tu kinaweza kung'oka mtoto akikiegemea. Makabati na meza za droo zifungwe ukutani, maana mtoto hufungua droo akazifanya ngazi. Kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea sikipendi hata kidogo: kinampa kasi asiyoweza kuimiliki, na hakimfundishi kutembea. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Vidole kubanwa mlangoni ni ajali ya kila wiki kwetu, na upande mbaya zaidi ni ule wa bawaba, ambako nguvu ya mlango wote inakusanyika kwenye mwanya mdogo. Kipande cha sponji ngumu kinachovaliwa juu ya mlango, mahali mtoto hafiki, huuzuia usijifunge wote. Kidole kikibanwa, kiweke chini ya maji ya baridi yanayotiririka, kisha kiinue juu ya usawa wa moyo. Ukucha ukijaa damu nyeusi na mtoto halali kwa maumivu, mlete tuutoboe. Nafuu ni ya papo hapo. Ncha ikikatika, iviringishe kwenye shashi safi iliyoloweshwa kidogo, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Ncha yenyewe isigusane na barafu. Njooni navyo vyote viwili, mtoto na mfuko, hata kama kipande kinaonekana kidogo mno kuwa na maana.